Maswali na Majibu ya Kompyuta: Mizani Isiyojibu na Nodi Inayotoweka

SWALI: Ndugu mhariri, ninaandika programu kwa ajili ya kikundi chetu cha wafugaji nyuki hapa Ng'ambo, Tabora. Ndoo za asali tunazipima kwa mizani ya kielektroniki iliyounganishwa kwa kebo ya USB na kompyuta inayotumia Linux. Programu yangu, iliyoandikwa kwa lugha ya C, hufungua /dev/mizani kwa open, ikiwa na O_RDWR (kusoma na kuandika) na O_CREAT, nami huiendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Hakuna kosa linalotokea, lakini mizani haijibu. Baadaye nilijaribu mknod, inayounda nodi (faili maalumu linalowakilisha kifaa), bila sudo nikapata EPERM, yaani kosa la kutoruhusiwa. Kwa sudo ilikubali na uzito ukasomeka, ila umeme ulipokatika na kurudi, nodi haikuwepo tena. Nifanyeje?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na lile la kwanza, kwa sababu kosa lisilojitangaza ndilo linalompotezea mtu muda mwingi kuliko yote.

O_CREAT huiagiza kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kuunda jina iwapo halipo, na kitu pekee ambacho open inaweza kukiunda ni faili la kawaida. Kwa kuwa /dev/mizani halikuwepo, programu yako ilizalisha faili tupu ndani ya /dev, ikaandika humo amri zilizokusudiwa kwenda kwenye mizani, na kerneli ikazipokea bila kulalamika, kwani kuandika ndani ya faili si kosa. Endesha ls -l /dev/mizani, kisha utazame alama ya kwanza kabisa ya mstari. Ukikuta kistari, hilo ni faili la kawaida. Nodi ya kifaa kinachopitisha baiti kwa mfululizo, kama mizani yako, huanza na c, na nodi ya diski huanza na b. Tazama pia pale ambapo ukubwa wa faili huandikwa: kwenye nodi utakuta namba mbili zilizotenganishwa kwa mkato, kwa mfano 188, 0.

Namba hizo mbili, pamoja na ile herufi, ndizo nodi yenyewe. Namba kuu, ya kwanza, huielekeza kerneli kwa draiva (programu ya kuendesha kifaa) inayohusika, na namba ndogo humwonyesha draiva ni kifaa kipi kati ya vile anavyovisimamia. 188 ni ya vigeuzi vya USB vinavyojitokeza kwa jina la ttyUSB, na 0 ni cha kwanza kati yao. Katika Linux, /dev/null ni 1, 3, na diski ya sda ni 8, 0. Jina halina uzito wowote hapa: ukiunda nodi ya aina ya c, ukaipa jina la asali na namba 1, 3, kila utakachoandika humo kitapotea sawasawa na kilichotupwa kwenye /dev/null. Vilevile kuwepo kwa nodi hakuthibitishi kuwepo kwa kifaa, na ndiyo sababu mtu anaweza kuifungua nodi iliyoundwa bila dosari akajibiwa ENXIO, yaani kifaa hicho hakipo.

Kuhusu EPERM, kerneli ilikataa kwa haki. Kuunda nodi ya kifaa kunahitaji mamlaka yaitwayo CAP_MKNOD, ambayo kwa kawaida huwa nayo root peke yake. Kama kila mtumiaji angeruhusiwa kujiundia nodi ya aina ya b yenye 8, 0, angeisoma diski nzima baiti kwa baiti, na ruhusa zote zilizowekwa kwenye mafaili ya wenzake zisingekuwa na maana. Kwa hiyo nakusihi usitafute njia ya kuuzunguka ukuta huo.

Ukilazimika kutumia mknod ndani ya programu, kigezo cha pili kinabeba aina na ruhusa kwa pamoja, yaani S_IFCHR | 0660, na cha tatu ni makedev(188, 0). Ukisahau kuandika aina, Linux itakuundia faili la kawaida, nawe utarudi palepale ulipoanzia. Kumbuka pia umask, namba inayopunguza ruhusa za faili jipya: ikiwa ni 022, ile 0660 itageuka 0640, kikundi kitasoma lakini hakitaweza kuandika, kwa hiyo fuatisha chmod.

Kwa mizani yako, hata hivyo, huhitaji mknod kabisa. Katika mifumo ya kisasa /dev huwa ni devtmpfs (aina ya mfumo wa mafaili), iliyoingia kwenye Linux toleo la 2.6.32 mwaka 2009. Hukaa kwenye kumbukumbu ya RAM, kerneli huijaza yenyewe kwa vifaa inavyovitambua, na ulichokiongeza kwa mkono hufutika mashine inapozimika. Andika kanuni ya udev (programu inayosimamia majina ya vifaa katika /dev) ndani ya /etc/udev/rules.d inayokitambua kigeuzi chako kwa idVendor na idProduct (namba za mtengenezaji na za bidhaa), na iwe na SYMLINK+="mizani"; jina litarudi kila umeme utakaporudi. Kwenye Debian na Ubuntu, mwingize mtumiaji katika kikundi cha dialout, chenye ruhusa ya kutumia vifaa vya aina hii, kisha uondoe sudo na O_CREAT kwenye programu. Bila O_CREAT, kebo ikichomoka utapata ENOENT (jina halipo), na hilo ndilo jibu la kweli unalolihitaji.

SWALI: Ninataka programu inayosoma uzito wa dagaa iipelekee taarifa programu nyingine inayochapa risiti, kwa kutumia FIFO, yaani bomba lenye jina linalopitisha data kutoka programu moja hadi nyingine. Je, nami nitahitaji root?
Msomaji, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Hapana. FIFO haigusi draiva yoyote, hivyo mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuiunda kwa mkfifo, au kwa mknod yenye S_IFIFO na kigezo cha tatu kikiwa 0. Usishtuke programu inayosoma ikisimama kwenye open: inasubiri mwandishi afungue upande wake. Mara ya pili utakapoiendesha, utapata EEXIST kwa kuwa jina bado lipo. Usilipuuze hivihivi, bali tumia lstat na S_ISFIFO kuhakikisha kwamba kilichopo ni FIFO kweli, wala si faili la kawaida lililoachwa na programu nyingine.