Skrubu Iliyofumuka Mfuo: Usikimbilie Tupa

Swali: Mafundi, habari za kazi. Nimenunua Singer ya zamani ya mkono pale Kibuye. Skrubu mbili za bamba la sindano zimekwama, na aliyekuwa nayo amezichokora hadi mifuo ya vichwani, pale bisibisi inapoingia, imefumuka. Jirani ananiambia nizitoboe kwa drili, nitie za dukani. Nifanyeje?
*Fundi cherehani, Kondele, Kisumu*

Jibu: Usitoboe, ndugu yetu, na skrubu za dukani ziache dukani. Skrubu nyingi za Singer zina hesi (ile mistari inayozunguka skrubu) za kampuni yenyewe, si za milimita. Ukilazimisha ya milimita, hesi za lile tundu zitatafunika, na hapo utakuwa umeharibu mwili wa cherehani badala ya skrubu.

Anza na bisibisi, maana ndiyo iliyoleta balaa. Ya kawaida imechongwa kama kabari: hushika midomo ya juu tu ya mfuo, na ukikaza hupanda na kumenya chuma. Isugue hadi ncha iwe na kuta zilizo sambamba, ijaze mfuo kwa upana wote na kugusa chini. Ukitumia jiwe la umeme, ichovye majini kila mara. Ncha ikigeuka buluu, ugumu wake umekwisha.

Chokoa uchafu wa mfuo kwa sindano nene. Changanya mafuta taa na mafuta ya cherehani nusu kwa nusu, tia matone mawili, yaache yalale. Asubuhi gusisha kichwa cha skrubu kwa chuma cha moto cha kulehemu redio, dakika mbili hivi. Moto wa gesi hapana, asetoni hapana: rangi nyeusi na maua ya dhahabu vitaharibika, na havirudi. Simamisha bisibisi wima, igonge kidogo kwa juu, uiegemee kwa uzito wako. Kaza kwanza kulia kiasi cha unywele, kisha fungua. Wengi hukimbilia kushoto kabla kutu haijaachia, na mfuo ndio unaolipa.

Skrubu ikitoka, itazame kwa karibu. Pembeni mwa mfuo utaona ukingo ulioinuka, mkali kwenye kidole. Tafadhali usiupige tupa! Hicho ni chuma cha skrubu yenyewe kilichosogea tu, na ukikikata hutakuwa na cha kurudishia. Kwanza pitisha tupa kidogo ubavuni mwa kichwa. Ikiteleza bila kuuma, chuma kimetiwa ugumu na nyundo yaweza kukipasua. Hiyo iweke kando, utafute nyingine kwenye cherehani mbovu ya aina ile ile, na iingie kwa vidole mizunguko mitatu kabla hujashika bisibisi.

Tupa ikiuma, toboa tundu kwenye kipande cha mvule, kipasue katikati ya tundu, ubane skrubu humo ndani ya vaisi ili hesi zisipondeke. Chomeka ndani ya mfuo kipande cha msumeno wa chuma kilichosuguliwa meno, ili mfuo usije ukajifunga. Kwa nyundo ya gramu 100 hivi, gonga taratibu kutoka ukingoni kuelekea mfuo. Midomo itarudi kidogo kidogo hadi ikumbatie kile kipande. Kichomoe, nyoosha kuta kwa tupa nyembamba, lakini kina kisizidi nusu ya unene wa kichwa. Kikizidi, kichwa hukatika siku ya kukaza. Malizia kwa msasa namba 400, kisha 600, ukiulaza juu ya kioo.

Swali: Njia hiyo yafaa kwa bunduki ya marisau ya zamani ya babangu? Leseni anayo.
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Njia ni hiyo hiyo, ila mikono isiwe yako. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kazi ya kutengeneza bunduki ni ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, si ya jua kali. Tena mifuo ya bunduki nzuri za Uingereza ni myembamba mno, vichwa vina nakshi, na mifuo yote imepangwa ielekee upande mmoja. Kichwa kikisagwa, nakshi inakwenda. Skrubu ikikazwa kupita pale, mfuo unasimama mshazari. Mzee amwulize fundi atarudisha chuma kwa nyundo au atasaga. Akijibu atasaga tu, ampelekee mwingine aliyesajiliwa.