Kufomati si kutengeneza

SWALI: Laptop yangu imekuwa nzito. Fundi mmoja anasema "tuifomati", mwenzake anasema "tuipige window", na kwenye simu nimesoma "sakinisha". Lipi ni Kiswahili sahihi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Sakinisha. Shina lake ni la Kiarabu, lile lile lililotupa maskani. Kusakini ni kukaa mahali, kusakinisha ni kukipa kitu makazi, na ndicho kinachofanyika: mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows, unapewa makazi ndani ya diski. Swali lako limekwisha. Sasa niruhusu nilishike neno la fundi wa kwanza, maana limeniudhi miaka mingi.

Sigombi na ugeni wake. Kusafiri na kusajili nayo yalitoka ng'ambo, na leo ni yetu. Nagomba na maana. Kufomati ni kuiandaa diski, au sehemu yake, ipokee mafaili upya, na yaliyokuwamo huondoka. Basi. Hakuingizi mfumo, hakupangi mafaili, hakuponyi kompyuta. Mafundi wetu wamelibebesha neno hili kazi zote hizo.

Nilikuwa nimekaa kwa fundi mmoja pale mama mshonaji alipoleta laptop yake. Fundi akaiwasha, akaitazama kidogo, akasema: "Mama, hii inataka fomati." Mama akajibu: "Haya mwanangu, we fomati tu." Yeye alisikia "tengeneza". Asiyelijua neno hulipa maana anayoitumainia. Jioni kompyuta ikawaka kama mpya, lakini picha za arusi ya bintiye na vipimo vya wateja wake havikuwamo. Mama alishika kipanya, akafungua folda moja baada ya nyingine, zote tupu, huku akiuliza, "Ziko wapi, mwanangu?" Kijana yule hakuwa mwizi wala mzembe, aliomba ruhusa na akapewa. Angeuliza, "Mama, nifute kila kitu?" mama angeinuka kitini. Kufuta tunalijua tangu ubao wa shule na vumbi la meza. Kwa nini tulifiche neno linaloeleweka na kila mteja?

Wala si lazima kufuta vyote. Diski nyingi hugawanywa sehemu mbili, C na D: mfumo hukaa C, na mwenye busara huweka vitu vyake D. Ikifutwa C peke yake, D haiguswi. Kinachowaponza wengi ni kwamba mafaili waliyoyarundika kwenye desktopu, yanayoonekana mara tu mashine inapowaka, kwa kawaida yako C.

"Kupiga window" nalistahimili. Kiswahili hupiga pasi, deki, mswaki na kura, kwa hiyo kitenzi hakina kosa, na walau msemaji ametaja anachokiweka. Ila asiniambie amepiga window kwenye kompyuta aliyoiwekea Linux, mfumo mwingine kabisa.

Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wenu mtapita kwa mafundi kubadilisha mfumo. Wewe wa Morogoro, ukifika mwambie hivi: "Fundi, nakili kwanza mafaili yangu kwenye diski ya nje, nami niyafungue niyaone. Kisha futa C, sakinisha mfumo, na D usiiguse."