Umeijaza pai nyama ya sambusa

Swali: Shikamoo fundi. Nauza vitafunwa ofisini kwetu hapa Tanga. Sambusa zangu zinagombaniwa, lakini pai za nyama za kuoka zimenishinda. Chini zinabaki mbichimbichi, juu zinapasuka na mchuzi unamwagika kuungulia kwenye trei, na zile zinazosalimika zinakuwa ngumu kama biskuti ya juzi. Nyama natumia ileile ya sambusa, siagi ya kopo, na unga naukanda vizuri mpaka unalainika. Oveni ni ya jiko la gesi, naiwasha nikishaingiza trei ili nisipoteze gesi. Natoa pai saa kumi na moja alfajiri, naziweka kwenye hotpoti, nauza saa nne. Halafu nimeona video Wazungu wanafungia nyama mbichi kabisa. Nami nijaribu? Au kosa ni la oveni?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Oveni ina kesi ndogo tu hapa. Mshtakiwa wa kwanza ni hiyo nyama ya sambusa.

Fikiria sambusa inavyoiva. Manda imeshapitishwa kwenye chuma, ni nyembamba, na inakaa kwenye mafuta ya moto dakika tatu nne tu. Kile kitunguu kibichi ulichochanganya mwishoni hakipati muda wa kutoa maji, ndiyo maana ukiuma bado kinalia chini ya jino, na wateja wanakipenda hivyohivyo. Pai inakaa ovenini dakika 25 mpaka 30. Muda huo kitunguu kimeshasalimu amri, maji yake yote yameteremka kwenye unga mbichi. Unga uliolowa hauokeki, unachemka. Hiyo ndiyo mbichimbichi yako. Na maji hayohayo yakigeuka mvuke yakakosa pa kutokea, yanapasua pai.

Kwa hiyo nyama ya pai ina upishi wake. Chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi, weka kwenye sufuria pana na thomu, tangawizi na chumvi, bila mafuta. Isambaratishe kwa mwiko isishikane madonge. Itatoa maji, itatokota. Usiiache. Sikiliza sufuria: ile sauti ya kutokota itapungua, kisha itageuka kuwa chaaa ya kukaanga. Hapo maji yamekwisha. Tia vijiko viwili vya mafuta na vitunguu viwili vya wastani vilivyokatwakatwa, ukaange mpaka vilegee kabisa na vianze kugeuka rangi. Bizari nyembamba, pilipili manga na pilipili mbichi ni mkono wako.

Ukiishia hapo, pai haitalowa, ila mteja atakula kitu kikavu kama maranda ya seremala. Pai inahitaji rojo, lakini rojo lililofungwa. Nyunyizia kijiko kimoja na nusu cha mezani cha unga wa ngano juu ya nyama, geuza dakika moja, kisha mimina mililita 150 za supu au maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga. Wanga unanywa maji na kuyashika, hata pai ikichemka ndani hayakimbii. Kipimo changu ni hiki: pitisha mwiko katikati ya sufuria. Mfereji ukibaki wazi ukaona chini pamoja na kuhesabu moja, mbili, tatu, epua. Ukijifunga mara moja, bado. Kotmiri na ndimu vitie baada ya kuepua.

Sasa tandaza nyama kwenye sinia ipoe, kisha iingie kwenye friji mpaka iwe baridi kabisa. Baridi kweli, si vuguvugu. Nilipokuwa mwanafunzi kwenye bekari moja nilijaza trei mbili za pai kwa nyama ambayo mimi niliiona imepoa. Tulipoanza kuzinyanyua kuziweka ovenini, matako ya pai yakabaki mezani na nyama ikabaki mikononi. Siagi ilishayeyuka humo ndani kabla ya moto wowote.

Hapo tumefika kwenye unga. Mwanangu, umeukanda kama wa chapati. Ngano ikikutana na maji na mkono, inajenga nyuzi zinazovutika kama mpira, zinaitwa gluteni. Kwenye chapati na mkate tunazitaka. Kwenye pai ndizo zinazofanya ganda liwe gumu, na ndizo zinazolivuta lijikunje ovenini hadi mshono uachie. Ganda la pai linachambuka kwa sababu vipande vidogo vya siagi vimelala katikati ya unga vikiwa bado vigumu. Moto ukivifikia vinayeyuka, vinaacha nafasi, na maji yaliyomo kwenye unga na kwenye siagi yanageuka mvuke na kuinua tabaka. Siagi ikishayeyuka mezani, inanyonywa na unga wote, tabaka hakuna. Ukaoka biskuti ya chumvi.

Joto la Tanga halikuhurumii. Siagi inaanza kulegea kwenye nyuzi 20 hivi, na ikifika 32 hadi 35 imekuwa mafuta. Jikoni kwako mchana wa Januari ni hapo hapo. Fanya kazi ya unga usiku au alfajiri. Pima unga gramu 500, siagi gramu 250, chumvi kijiko kimoja cha chai, na maji ya barafu kama mililita 120. Siagi igandishe kwenye friza, kisha ikwaruze kwa kile kifaa cha kukwaruzia karoti, moja kwa moja juu ya unga. Changanya kwa ncha za vidole, fikicha kidogo tu. Vikibaki vipande kama punje za mahindi ndiyo vizuri. Tia maji kwa kunyunyiza, kusanya unga ushikane, basi. Utauona una madoa na sura mbaya. Uache hivyohivyo. Ufunge kwenye plastiki, uwe bapa, ukae friji dakika 30 hadi saa nzima, zile nyuzi za gluteni zilegee.

Kuhusu kopo la siagi, soma maandishi yake. Tafuta yenye mafuta asilimia 80 au zaidi. Zile nyepesi za kupaka mkate zimejaa maji, na wewe maji unayo ya kutosha. Samli inatoa ganda tamu linalomeguka, lakini haina maji ndani yake, kwa hiyo tabaka zitakuwa chache. Mimi nikitaka harufu ya samli naipaka juu pai ikitoka ovenini.

Sukuma unga unene wa milimita 3. Kisahani cha chai cha sentimita 14 kitakukatia duara kama 16 kwa kipimo hiki. Nyama ni vijiko viwili vya mezani, na ukingo wa kidole kimoja uachwe safi. Ukingo ukipata hata tone la mafuta haushikani, hata ungeubana kwa koleo. Paka yai ukingoni, kunja, bana kwa uma, toboa juu matundu mawili ya mvuke. Yai la kupaka juu piga na maziwa kidogo. Kisha rudisha trei kwenye friji dakika 20. Watu wengi wanaliruka hilo.

Ndipo tufike kwenye oveni. Gesi unayobana ndiyo inayokula faida yako. Pai ikiingia kwenye oveni ya baridi, siagi inayeyuka na kuvuja dakika kumi kabla unga haujashika umbo. Washa dakika 20 kabla, nyuzi 200. Na kama una lile chuma zito la chapati, liweke ndani liwake pamoja na oveni, halafu ketisha trei ya pai juu yake. Moto unapanda moja kwa moja kwenye tako la pai. Hicho kitu kimoja kitakutofautisha na nusu ya wauza pai mjini. Ila kama moto wa oveni yako unatoka chini tu na mkali, chungulia dakika ya 15. Ukiona chini kunakimbia kuliko juu, hamishia trei ngazi ya juu. Wa jiko la mkaa wanaijua kanuni: mkaa mwingi juu ya mfuniko, mchache chini.

Nyama mbichi uliyoiona kwenye video yaelekea ni pai ya Cornwall, Uingereza, ambayo tangu 2011 jina lake linalindwa kisheria. Wale wanatia nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande, pamoja na mbatata, kitunguu na mzizi mmoja wa jamii ya tanipu. Mbatata ndiyo inayokunywa maji ya nyama, ganda lao ni nene, na pai inaokwa taratibu karibu saa nzima. Ukichukua nyama ya kusaga mbichi ukaifungia kwenye ganda lako la milimita 3 kwa dakika 25, utapata dimbwi, na nyama usiyokuwa na hakika kama imeiva. Usijaribu.

Hotpoti sasa. Hotpoti ni ya wali na chapati. Pai ya moto ukiifunika inajipikia mvuke wake, ganda linalegea, na kazi yote ya juu imepotea. Baya zaidi ni hizo saa tano za nyama vuguvugu. Vijidudu vinapenda joto hilo kuliko wateja wako wanavyopenda sambusa. Saa mbili nje ya friji ndiyo mwisho.

Ningekuwa wewe ningehamishia biashara kwenye chai ya saa mbili, watu wanapoingia kazini. Jaza pai Jumapili, zigandishe mbichi kwenye trei zisigusane, zikishakuwa ngumu zitie kwenye mfuko. Kila asubuhi toa idadi uliyoagizwa, paka yai, usiziyeyushe, ziingie ovenini saa kumi na mbili na nusu, nyuzi 200, kwa dakika 35 hadi 40. Vunja moja kabla ya kuzitoa zote: nyama ya katikati iwe inafuka mvuke. Zipoe kidogo kwenye wavu, kisha zipange kwenye kapu lenye karatasi na kitambaa chepesi juu. Sambusa ndizo ziende na hotpoti.