Kwa nini Yadier Molina anasifiwa hivyo?

Ndugu, umeuliza kwa nini Molina, aliyekuwa mdakaji wa besiboli, anaitwa gwiji wakati upigaji wake ulikuwa wa kawaida tu. Usimtazame akiwa na gongo, mtazame akiwa amechuchumaa. Mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira wa mrushaji, ndiye mchezaji pekee anayeuona uwanja wote mbele yake, na enzi za Molina ndiye aliyempa mrushaji ishara za vidole, amezificha katikati ya mapaja, kwamba sasa tupa mpira wa aina gani.

Fainali ya 2006 ya National League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, mechi ya 7 na ya mwisho, timu ya Molina, Cardinals, ikiwa ugenini kwa New York Mets. Zamu ya 9, yaani ya mwisho, matokeo 1-1, Molina akaupiga mpira ukavuka uzio, pointi 2 kwa mpigo: 3-1. Lakini mimi napenda zaidi kilichofuata. Mets wakajaza wakimbiaji kwenye besi (vituo) zote 3, wawili wao wameshatolewa nje na akitoka wa tatu mechi imeisha, mrushaji wa Cardinals ni kijana Adam Wainwright, msimu wake wa kwanza kamili, na anayepiga ni Carlos Beltrán. Mpira wa mwisho ukapinda kutoka juu, Beltrán akabaki amesimama bila kuzungusha gongo, ukatua kwenye glavu ya Molina: Beltrán nje, mechi imeisha. Mwezi huohuo Cardinals wakawa mabingwa wa ligi zote mbili, wakarudia 2011.

Alicheza St. Louis Cardinals tu, 2004 hadi 2022, akatwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora katika nafasi yake, mara 9. Misimu 19 ya kuchuchumaa! Magoti hayo ni ya chuma. Tena kaka zake wawili, Bengie na José, nao walikuwa wadakaji na wote wana ubingwa. Familia moja ya Puerto Rico.