Maswali na majibu: Paa la kupinda, bati bapa

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya mapaa na kuta za kupinda. Yanayofanana nimeyajumlisha. Yaliyoletwa bila kipimo hata kimoja nimeyaacha, isipokuwa hili la kwanza, ambalo limeulizwa na watu wengi mno kulinyamazia.

Shikamoo mtaalamu. Nimetumiwa kwenye simu picha ya 3D ya nyumba yenye paa la mawimbi. Naomba unikadirie gharama zake. (Msomaji, Forest, Mbeya)

Marahaba. Picha haina bei. Aliyekutumia amechora rangi, kivuli na gari jeupe mlangoni. Hajachora bati linaanzia wapi, linaishia wapi, na linashikwa na nini. Mrudie umuulize neno moja tu: huu uso unakatwaje vipande? Akikujibu kwamba fundi ataona hukohuko saiti, dai hela yako.

Kamati yetu ya ujenzi wa kanisa imekubaliana tuweke kuba la nusu duara juu ya madhabahu, kipenyo mita 8. Fundi anasema atalifunika kwa mabati bapa ya geji 28, atayagonga taratibu mpaka yakae. Mjumbe mmoja anabisha kwamba haiwezekani. Nani mkweli? (Katibu wa kamati, Makambako)

Mjumbe. Kikao kijacho mpeni kiti cha mbele.

Bati bapa hupinda upande mmoja bila ubishi. Lizungushe, utapata bomba. Likate kwa mchongoko kisha ulizungushe, utapata koni. Ila ukitaka lipinde pande mbili kwa wakati mmoja, kama kuba linavyofanya, lazima mahali fulani livutike na mahali pengine lijikunje. Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliithibitisha kanuni hiyo kwa hesabu mwaka 1827, na hakuna nyundo iliyoitengua tangu hapo. Chukueni parachichi mlifunike kwa karatasi ya daftari bila kukata. Mikunjo mtakayoiona ndiyo itakayotokea kwenye kuba lenu, na kila mkunjo wa bati ni mlango wa maji. Viwanda vinavyotengeneza bodi za magari huvuta bati kwa mashine za kukandamiza na kalibu za chuma, na gharama hiyo hujilipa kwa sababu kalibu moja hutoa maelfu ya vipande. Ninyi mna kuba moja.

Mnaweza kuligawa kuba katika pembetatu bapa, na litaonekana la pembepembe. Njia ninayowashauri ni nyingine: vipande vyembamba virefu, vipana chini na vyenye ncha kileleni, kila kimoja kikipinda upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Kwa kipenyo cha mita 8, mzunguko wa chini ni mita 25 na kidogo. Gawanyeni kwa 24, kila kipande kina upana wa mita 1.05 chini, kwa hiyo kinatoka kwenye bati la futi 4 na nafasi ya maungio inabaki. Urefu wake, ukifuata mpindo, ni mita 6.3 hivi. Cha maana kuliko vyote: vipande vyote 24 ni sawasawa. Mnachora kielelezo kimoja cha plywood, mnakata vyote kwa hicho.

Hapo ndipo hela inapookolewa, kwenye kujirudia. Jumba la opera la Sydney lilisumbua miaka kwa sababu yale makombe ya paa lake, kama mbunifu wake Jørn Utzon alivyoyachora aliposhinda shindano mwaka 1957, hayakuwa na kanuni moja ya umbo. Mwaka 1961 aliamua makombe yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Kuanzia hapo vipande vya zege vikaweza kumwagwa kwenye kalibu zinazorudiwa. Jengo lilifunguliwa 1973, bado kwa gharama ya kutisha, lakini likajengeka.

Hamkuniuliza, ila nawaambia: kuba hukusanya sauti sehemu moja. Kama mhubiri atasimama chini yake, wekeni dari ya kunyonya mwangwi kabla hamjanunua spika kubwa zaidi.

Vioo vya kupinda vinapatikana Mbeya? (Mwanjelwa)

Vya bapa vinapatikana. Anzia hapo. Lile jengo la London ambalo wenyewe wanaliita tango, 30 St Mary Axe, limezungushiwa vioo mwili mzima, na kilichopinda ni kimoja tu, cha kileleni.

Kaka, mimi fundi bati. Nimepewa kazi ya mgahawa wa msonge, paa la bati bapa badala ya nyasi. Nusu kipenyo mita 3, kimo cha paa mita 4. Nimezoea vihenge na faneli, hili ni kubwa. Nakataje? (Fundi, Soweto, Mbeya)

Swali lenye vipimo! Mbarikiwe wote mnaouliza hivi.

Umezoea faneli, basi kazi unaijua tayari. Kilichoongezeka ni ukubwa. Msonge ni koni, na koni hutandazika chini bila kuvuta wala kukunja. Mita 3 kwa mita 4 inakupa mshazari wa mita 5 kutoka kileleni hadi ukingoni. Ni ileile 3-4-5 unayopimia kona za msingi. Koni ikikatwa mstari mmoja na kutandazwa, inakuwa kipande cha duara chenye nusu kipenyo cha mita 5, na pembe yake ni 360 mara 3 gawanya kwa 5, yaani nyuzi 216. Gawa vipande 20, kila kimoja nyuzi 10.8.

Nyuzi 10.8 usizipime kwa kipimapembe cha shule. Funga kamba msumarini, vuta mita 5, chora tao, kisha pima mstari ulionyooka wa sentimita 94 kati ya ncha mbili za tao. Hicho ndicho kipande chako. Ongeza maungio kila upande, na wala usikate vyote kabla ya kujaribu vitatu vya kwanza juu ya kenchi. Kosa la milimita 5 likirudiwa mara 20 ni sentimita 10, na la mwisho halitaingia.

Ukitaka paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 zaidi kwenye mshazari, pembe haibadiliki. Ni mistari ileile inaendelea. Upana wa chini ndio unafika mita 1.05, bado uko ndani ya futi 4. Na ukiona uvivu wa kuzungusha bati, acha kila kipande kiwe bapa kabisa. Ukingo utakuwa na pande 20, na katikati ya kila upande utakuwa ndani ya duara kwa sentimita 4 hivi. Mteja akiwa chini hataona. Ila mwambie kabla, asije akaambiwa na shemeji yake.

Nasoma ubunifu majengo mwaka wa pili. Programu gani nzuri ya majengo ya kupinda, na wapi naweza kupata ile ya bure iliyovunjwa? (Mwanafunzi, Iyunga)

Ya kuiba sikuonyeshi. Rhino, programu ya kuchora nyuso za kupinda, ina Grasshopper ndani yake, chombo cha kuchora kwa kanuni, kazi ya David Rutten, na wengi wanaofanya kazi hizi wanaitumia. Blender na FreeCAD ni za bure kihalali, na kwa mwaka wa pili zinakutosha sana.

Shida yako haiko kwenye programu, kijana. Programu itakukatia uso wowote kuwa pembetatu kwa kubofya mara moja, kwa sababu pointi tatu hulala kwenye bapa moja daima. Ndiyo maana wanafunzi wote mnaleta pembetatu. Paa la kioo la ua mkubwa wa British Museum, jumba la makumbusho la London, lililofunguliwa mwaka 2000, lina pembetatu 3,312 na hakuna mbili zinazolingana. Waliweza: walikuwa na mwanahisabati, kiwanda na mfuko. Wewe mteja wako ana mfuko gani? Kwenye wavu wa pembetatu, kila kiungo kwa kawaida hukutana na vyuma sita. Kwenye pembenne, vinne. Kila kiungo ni kukata, kuchomelea na kuziba maji.

Pembenne ina shida yake: pointi ya nne si lazima ilale pamoja na tatu za kwanza, na kioo kikilazimishwa kinapasuka. Lakini iko njia hata bila kompyuta. Chora mpindo mmoja, kisha uusogeze juu ya mpindo wa pili bila kuuzungusha. Kila pembenne utakayopata hapo ina pande mbili zinazolingana na kuelekea sambamba, kwa hiyo ni bapa. Mhandisi Jörg Schlaich na wenzake walilijenga hivyo paa la kioo la nyumba ya viboko kwenye bustani ya wanyama ya Berlin, miaka ya 1990. Likate hilo kwa karatasi ya manila kabla hujawasha mashine. Ukimaliza, ndipo programu ikusaidie kwa inachokiweza kuliko mkono: kukunjua vipande, kuvipa namba, na kuvipanga kwenye bati ili mabaki yapungue.

Hizi mambo za Bilbao ni za wenye titani. Huku Iringa tuna mipaini na plywood ya Mafinga. Si tuache tu? (Msomaji, Kihesa)

Tusiache. Guggenheim ya Bilbao, lile jumba la makumbusho la Hispania lililofunikwa titani, 1997, ilihitaji CATIA, programu ya Wafaransa wa Dassault iliyoanzia kwenye ndege za kivita, kwa sababu mbunifu wake Frank Gehry alichora kwanza, kisha watu wakatafuta namna ya kujenga. Sisi tuanzie upande wa pili: tuna mbao zilizonyooka, zinaweza umbo gani?

Chukua chumba cha mraba, mita 6 kwa 6. Kona mbili zinazotazamana zinyanyue mita 1.5 kuliko nyingine mbili. Funga boriti nne zilizonyooka kuzunguka. Sasa gawa boriti mbili zinazotazamana sehemu sawasawa na utandaze mbao kutoka moja hadi nyingine, kwa mpangilio. Kila ubao umenyooka kama rula, na paa zima limepinda pande mbili. Mbunifu Félix Candela alijengea hivyo kalibu za zege kule Mexico. Mgahawa wa Los Manantiales, Xochimilco, 1958, una zege la unene wa sentimita 4 hivi, lililomwagwa juu ya mbao zilizonyooka.

Angalizo ni moja kubwa. Kila ubao unajisokota karibu nyuzi 28 kutoka mwanzo hadi mwisho wa hizo mita 6. Ubao mwembamba wa inchi 4 utakubali. Karatasi nzima ya plywood ya futi 4 kwa 8 haitakubali, maana hapo umerudi kwa Gauss. Na maji yote yanaelekea kona mbili za chini, kwa hiyo mifereji ya huko iwe mipana.

Halafu mbao zenyewe. Malori yanayotoka Mafinga yanashusha mipaini mibichi, na watu wanaipiga misumari wiki hiyohiyo. Ubao mbichi ukikauka ukiwa umesokotwa unapasua pale pale ulipopigiliwa. Zikaushwe kivulini, zitiwe dawa, na usitumie misumari, tumia skrubu.

Paa langu la vipande linavuja kila mvua za Novemba zikianza. Fundi anapaka silikoni, inavuja tena. Atumie silikoni gani nzuri? (Mama mjenzi, Tukuyu)

Hakuna, mama. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Gundi haiwezi kuwa ndiyo kinga ya kwanza. Bati la chuma la mita 6, likitoka ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa nane, tofauti ya nyuzi 40 kwenye bati lenyewe, linarefuka kama milimita 3 na kurudi, kila siku. Alumini karibu mara mbili ya hapo. Silikoni inang'oka yenyewe. Mwite fundi aje na bati, si na mrija: kipande cha juu kilalie cha chini, maungio ya wima yakunjwe na kusimama, na skrubu zipite kwenye tundu lenye nafasi. Na kama matone yanatokea asubuhi isiyo na mvua, huo ni umande wa ndani. Unahitaji hewa chini ya bati.

Banda la maonyesho la mbao, la kupinda, linahitaji kibali? (Njombe)

Ndiyo. Na mhandisi aliyesajiliwa apige hesabu ya upepo, kwa kuwa paa jepesi la kupinda hung'olewa kwa kunyanyuliwa.

Tulikatiwa vipande vya bati la rangi kwa mashine, Dar. Vimefika Iringa, tukivipanga kwa namba vyote rangi inatazama ndani. Tufanyeje? (Fundi mkuu, Ipogolo)

Faili lilitumwa limetazamwa kwa chini. Bati la rangi lina uso mmoja, mashine haijui ni upi. Ilitakiwa mshale na neno JUU kwenye kila kipande kabla ya kukata. Sasa angalieni kitu kimoja: jengo lenu nusu ya kushoto na ya kulia zinafanana? Kama zinafanana, cha kushoto kikigeuzwa ni cha kulia. Bandikeni namba upya, hamisheni vyote upande wa pili, rangi itatoka nje. Kama hazifanani, nunueni rangi.