Unataka kusomea ukarabati wa DNA? Tafuta maabara kabla ya cheo

Wengi wanaotaka kuingia kwenye utafiti wa jinsi seli zinavyorekebisha DNA iliyoharibika huuliza kwanza jina la chuo. Afadhali waulize ni jaribio gani watajifunza, na nani atawafundisha.

Mtazame Aziz Sancar, mtafiti wa ukarabati wa DNA. Alisomea udaktari Istanbul, akatibu watu vijijini Uturuki, kisha akaenda Texas. Alipomaliza shahada ya uzamivu mwaka 1977, tayari alikuwa ameitenga jeni ya fotoliasi, kimeng'enya cha bakteria kinachotumia mwanga wa buluu kurekebisha DNA iliyoharibiwa na miale ya UV (urujuanimno). Hata hivyo maombi yake ya kazi ya utafiti yalikataliwa mara tatu, akakubali kuwa fundi wa maabara Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa mtafiti Dean Rupp. Kazi iliyoanzia hapo ilitoa matokeo ya mwaka 1983: protini UvrA, UvrB na UvrC hukata uzi wa DNA pande zote mbili za jeraha, kipande cha nyukleotidi (viungo vinavyounda uzi wa DNA) 12 au 13 kikatoka. Nobel ya Kemia, aliyoshiriki na watafiti wenzake Tomas Lindahl na Paul Modrich, ilikuja 2015.

Kwa hiyo ukichagua msimamizi, uliza mambo ya meza ya maabara. Nani anasafisha protini? Friji ya nyuzi -80 ina mutanti gani, yaani bakteria wenye jeni iliyobadilika, na nani alithibitisha kwamba ndio wenyewe? Wanafunzi waliotangulia walimaliza?

Jaribio la kwanza huwa ni kupima bakteria wangapi wanabaki hai baada ya UV. Linaonekana jepesi, na ndilo linaloumbua watu. Chukua bakteria E. coli wa kawaida na mutanti asiye na uvrA, jeni ya protini UvrA. Wazungushe kwenye mashinepewa (sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi hadi seli zitulie chini), uwaoshe, uwaweke kwenye bafa ya chumvi (maji ya chumvi yasiyobadilika asidi), kwa sababu mchuzi wa kukuzia hunyonya miale. Tabaka liwe jembamba, milimita 1 au 2, likitikiswa taratibu. Washa taa ya UV ya nanomita 254 dakika 15 kabla ili itulie, pima dozi kwa mita kila siku ya kazi, na ondoa kifuniko: plastiki na glasi ya kawaida huzuia UV hiyo.

Kuanzia hapo fanya kazi chini ya taa ya manjano, na sahani za kukuzia bakteria ziingie gizani papo hapo. Zikikaa karibu na dirisha, fotoliasi itarekebisha DNA kimyakimya, na mutanti wako ataonekana shupavu kuliko alivyo. Kabla ya kusambaza, zimua bakteria kwa hatua za mara kumi, sambaza mikrolita 100 kwenye sahani, uhesabu sahani zenye koloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) 30 hadi 300 tu.

Grafu ya mutanti wanaobaki hai kwa kila dozi ikishuka vizuri halafu ikalala, usikimbilie kuita ugunduzi. Mara nyingi bakteria wa kawaida wamechanganyika humo, au seli zimeshikana mabonge na kukingana. Anza upya na koloni moja.

Baada ya uzamivu, shika swali lilelile ubadilishe kiumbe. Sancar alitoka kwa bakteria akaenda kwa seli za binadamu, na mwaka 1992 maabara yake ikaonyesha kwamba kwetu kipande kinachokatwa ni kirefu zaidi, nyukleotidi 27 hadi 29. Kubadilisha swali na kiumbe kwa pamoja ni kuanza uanafunzi upya.

Kama maabara yako haina inkubeta ya kaboni dioksidi (kabati la kukuzia seli) na umeme unakatika, usilazimishe seli za binadamu. Bakteria na hamira vinatosha kwa makala ya kweli, kwa gharama ndogo.

Na ukiandika barua ya kuomba nafasi ng'ambo, ambatisha grafu moja iliyotokana na vikuzo (bakteria waliokuzwa kwenye mchuzi) vitatu tofauti, vilivyoanzishwa siku tofauti. Sahani tatu za kikuzo kimoja hupima uhodari wako wa pipeti tu, na msomaji mzoefu atauliza hilo kabla ya kusoma sifa zako.