Kidonge cha tezi na kidonge cha damu havikai asubuhi moja

Ujauzito wangu wa pili ulinikuta hapa Lindi nikijitanda vitenge viwili mwezi wa Januari, wakati majirani wamehamia barazani kwa joto. Nywele zilibaki kwenye kitana, sauti ilikwaruza na choo kilikuwa kigumu. Mama mkwe alisema ni mimba tu, nami nikakubali, kwa kuwa uchovu na kufunga choo ni mambo ambayo kila mjamzito huyatarajia, na humo ndimo ugonjwa wa tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, hujificha.

Kipimo cha damu kiitwacho TSH, ambacho hupanda tezi inapofanya kazi kwa uvivu, kilionyesha kwamba tezi yangu imezorota. Daktari alinieleza kuwa mtoto hutegemea homoni za mama katika kujenga ubongo wake, hasa kabla ya wiki ya 12, na kwamba hali hii isipotibiwa huongeza hatari ya mimba kuharibika, shinikizo la damu na kujifungua kabla ya wakati.

Nilipewa levothairoksini, dawa ya kuongezea homoni ya tezi, na hapo ndipo nilipokosea. Kila asubuhi nilikimeza kidonge hicho pamoja na kile cha kuongeza damu nilichopewa kliniki, nikavishushia kwa chai ya maziwa, nikijiona mgonjwa mtiifu kuliko wote. Baada ya wiki 4 kipimo kilikuwa palepale. Kumbe madini ya chuma yaliyomo kwenye kidonge cha damu huizuia dawa ya tezi isifyonzwe vizuri, hivyo zinapaswa kupishana kwa saa 4 angalau. Nikaanza kumeza ya tezi alfajiri kwa maji matupu, nikangoja saa nzima kabla ya chai, na ya damu nikaihamishia usiku. Kipimo kilichofuata kikashuka. Dirishani nilipochukulia dawa hakuna aliyenieleza hayo, kwa hiyo uliza wewe. Kama ulikuwa ukitumia dawa hii kabla ya kushika mimba, usisubiri tumbo lionekane ndipo uende kupima, maana mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa mapema.

Kuna na suala la chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mjamzito apate maikrogramu 250 za madini joto kwa siku, ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni, lakini sisi wa pwani hununua chumvi ya kupimiwa kwa kopo, ambayo huenda haikuwekewa madini hayo, tukailia muhogo, ambao usipoandaliwa vizuri huizuia tezi kuyatumia. Madini joto hayakuchukua nafasi ya dawa yangu, ila siku hizi nanunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa imewekewa madini joto, naihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko mbali na jiko, na mchuzini naitia mwishoni.